Elfu tano iliyokatwa

Jumamosi tulikuwa tunapanga upya lile kabati la sebuleni (ndiyo, mchwa wamerudi, msinikumbushe). Kitindamimba wangu akachomoa kitabu kimoja chembamba chenye jalada lililobanduka, akakifungua ukurasa wa kwanza, akauliza, "Mama, mbona hiki kina bei mbili?"

Kweli. Juu kulia kwa penseli imeandikwa 5,000, ikakatwa mstari. Chini yake kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko wa mtu asiyetaka mjadala, 12,000.

"Ile ya kwanza waliikata kwa nini?"

"Kwa sababu yangu."

Akanitazama vile anavyotazama akijua kuna kitu anafichwa, kisha akaenda zake. Nikabaki nimekaa chini na kitabu mapajani, kabati likingoja.

Wa zamani mnajua nilivyoanza. Mwaka 2013, bando la kuungaunga, blogu yenye rangi ya mtindi, na picha za majalada nilizopiga juu ya kitanda huku shuka likionekana. Nilisoma kwenye daladala nikaandika usiku, basi. Mwezi wa kwanza kaunta ilionyesha watu 64 nikawatangazia wote ofisini, mpaka kaka yangu wa Mwanza aliponiuliza kama najua kaunta inanihesabu na mimi. Maoni ya kwanza kabisa niliyopata yalitoka kwa mganga anayerudisha waume waliopotea. Ya pili yalikuwa yake vilevile. Nadhani alisoma makala zangu akaona dalili.

Mwaka wa pili nilikuwa na wasomaji kumi na mmoja ambao ningeweza kuwataja kwa majina. Wa tatu wakafika arobaini hivi. Mwanafunzi mmoja wa Mlimani akaniandikia kuomba ruhusa ya kutumia makala yangu kwenye kazi ya darasa, nikakubali haraka kuliko nilivyomkubali baba watoto. Hiyo ndiyo ilikuwa kasi yenyewe. Mti wa mwembe ungenipita.

Makala aliyoitaka ilihusu kitabu hikihiki. Ni riwaya ya miaka ya 1970, mwandishi wake wa Zanzibar. Jina silitaji na mtaona sababu. Wenye kuijua wameshaijua.

Halafu ikaja 2018 na kanuni za maudhui ya mtandaoni. Mwenye blogu alitakiwa kuwa na leseni, na ukijumlisha ada zote zilizotajwa ilikuwa inakaribia shilingi milioni mbili na laki moja. Mimi blogu haikuwahi kuniingizia hata hela ya vocha. Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu kana kwamba kuna kitu cha kuhesabu, kisha Jumapili moja usiku, watoto wamelala, nikabonyeza kitufe nikaifuta yote. Miaka mitano. Na kwa kuwa nilizoea kuandika humohumo kwenye kisanduku cha blogu, nyumbani sikuwa na nakala hata ya sentensi moja. Nilijiambia ni mambo ya kupitisha muda tu, hakuna aliyekufa. Nikaosha vyombo.

Sasa ndiyo tufike Posta, Agosti 2019.

Nakala yangu ya kitabu nilikuwa nimemwazima mwenzangu kazini, na mwenzangu akahamia Dodoma na wizara yake. Kwa hiyo kitabu nacho kikahamia Dodoma pamoja na serikali. Kwenye maduka nilikiulizia mara tatu nikakikosa. Jioni moja nikashuka mwendokasi Posta nikaenda kwa yule mzee wa vitabu vya mtumba, aliyekuwa akitandika turubai la bluu kando ya njia, jirani na Samora. Wateja wake tulijua mpangilio: vitabu vya sheria upande wa ukutani, Biblia na misahafu juu ya boksi visije vikarukwa na miguu ya watu, riwaya mbele kabisa ili mpita njia ajikwae.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba mwanangu. Leo umekuja na hela au umekuja kusoma?"

Nikakitaja kitabu. Hakuangalia kwenye turubai. Alivuta mfuko wa rambo uliokuwa nyuma ya stuli yake, akapekua, akakitoa. Hapo ndipo ningeshtuka. Mali inayokaa kwenye rambo nyuma ya stuli si mali ya bei ya chini.

"Elfu kumi na mbili."

"Mzee! Hapa kimeandikwa elfu tano."

Akakipokea bila haraka, akachomoa kalamu kwenye mfuko wa shati, akakata, akaandika, akanirudishia. "Sasa kimeandikwa ngapi?"

Muuza karanga aliyekuwa karibu yetu akacheka. Mimi pia nilitaka kucheka, ila pochini nilikuwa na noti ya elfu kumi, mbili za elfu moja, na chenji ya kurudia nyumbani.

"Kwani kimepandishwa na nini?"

"Kinatafutwa. Kuna dada mmoja alikiandika huko mitandaoni, akakimwagia sifa. Toka hapo vimepita hapa vitatu, vyote vimeondoka. Ngoja nikuonyeshe usije ukaniona mwizi."

Akatoa nailoni, zile za kuhifadhia vyeti. Ndani mlikuwa na karatasi mbili, kopi iliyotolewa kwenye kopi nyingine, maandishi yamefifia upande mmoja kama yameoshwa. Kuna mwanafunzi, alisema, alikuja nazo akitafuta kitabu, akakipata, karatasi akamwachia.

Sikuitambua kwa maneno. Niliitambua kwa kosa. Mstari wa pili, badala ya "ukurasa", palikuwa na "ukursa". Lile kosa niliwahi kuliona siku ileile nilipochapisha, nikasema nitalirekebisha kesho, na kesho hiyo ilikuwa haijafika kwa miaka minne. Nilifuta blogu nzima nikidhani nimelifuta na lenyewe. Kumbe lipo Posta, linapigwa jua, linauza.

Nikayasoma nikiwa nimesimama. Ni jambo geni kusoma maneno yako baada ya kuyahesabu kuwa marehemu. Sehemu nyingine niliona aibu, nilikuwa na mapenzi makubwa na neno "hakika" wakati ule. Lakini palikuwa na sentensi moja niliyosema kwamba kuna mahali nilikifunga kitabu nikaenda kuangalia kama mlango wa nje nimeufunga. Nikafikiria, huyu dada anajua kuandika kidogo. Jina langu lilikuwa mwisho wa ukurasa wa pili, na mashine ya steshenari ilikuwa imelikata. Vilibaki vichwa vya herufi tu.

Na mimi nikafanya nini? Nikaanza kuomba kupunguziwa.

"Mzee, wewe mwenyewe umekisoma?"

"Mwanangu, mimi nauza."

"Basi nikwambie ukweli. Katikati kinachosha."

Akakichukua kidole akakipitisha juu ya karatasi, taratibu, mpaka akafika. "Dada anasema hakichoshi hata mahali pamoja."

"Huyo dada katia chumvi."

"Inawezekana. Lakini yeye kakisoma mara tatu, kasema hapa. Wewe umekisoma mara ngapi?"

Nilikuwa nimekisoma mara nne. Sikuwa na la kumjibu. Nilipambana na yule dada pale juu ya lami kwa karibu dakika kumi, nikisema mhusika fulani hana uhai, nikisema mwisho umeharakishwa, na kila hoja mzee alinijibu kwa kunisomea. Alishinda zote. Nikamchukia kabisa, mtu mwenye uhakika namna ile.

Ndipo nikageuza ukurasa wa pili, nikaona wino mwekundu pembeni. Mwandiko wa kuinama, wa mtu aliyefundishwa kuandika zamani. Ulikuwa umeanzia pale nilipomlaumu mama wa kwenye hadithi kwa kukaa kimya. Uliandika: "Hapana. Hujamwelewa mama huyu. Rudia tena."

"Hii je?"

"Aa, huyo mwalimu. Mstaafu. Alisimama hapohapo ulipo, akaisoma yote, akaniomba kalamu. Nikamwambia mzee mwenzangu utanichafulia, akasema lazima."

Lazima. Nilikuwa nimeandika miaka mitano. Nimesifiwa na ndugu, nimesifiwa na mganga, watu wameniwekea vidole gumba na vikopa. Hakuna aliyewahi kusimama juani akaomba kalamu. Kilinipanda kitu kooni, nusu hasira nusu sijui nini. Nikasoma tena aya yangu kuhusu yule mama. Nikatamani kumjibu. Nikatamani kujua anakaa wapi, nikamgongee, nimwambie mwalimu, shikamoo, lakini ukimya wake ndio uliomponza binti. Nikamwona ananitazama kwa miwani na kusema, "Rudia tena."

Mtauliza kwa nini sikumwambia mzee kwamba ni mimi. Nilikaribia. Mdomo ulishafunguka. Ila nilipiga hesabu: asiponiamini, nitakuwa mwanamke anayedanganya ili apunguziwe bei. Akiniamini, ataniuzia elfu tano, na nitakuwa nimetoka kuiponda makala yangu mwenyewe mbele ya muuza karanga. Njia zote mbili ziliishia kwenye aibu.

Nikatoa elfu kumi na mbili. Nikabaki na 650 ya mwendokasi kurudi Kimara.

"Na hizi karatasi, unaniuzia shilingi ngapi?"

Alishazirudisha kwenye nailoni. "Hizi haziuzwi mwanangu. Hizi ndizo zinazouza."

Picha sikupiga, simu ilikuwa imezima toka saa nane mchana. Hiyo ni siku ile. Siku nyingine zote nilizopita pale, na nilipita mara nyingi tu, sina la kujitetea. Nilikuwa nauliza bei ya hiki na kile, nachungulia kama nailoni ipo, naiona, naondoka. Nilikuwa kama mama anayepita nyuma ya shule kuchungulia dirishani mtoto wake anavyosoma. Nilipenda kujua kwamba ipo kazini.

Mengine mnayajua. Nilianza tena na kundi la WhatsApp la watu kumi na tisa, wawili wakajitoa siku ya kwanza, wakaongezwa na kuongezwa, sasa ndiyo hivi mlivyo. Oktoba 2021 Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, alipotangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, tarehe 7, simu yangu ililia kuliko Sikukuu ya Idi. Watu ambao hawajawahi kuniuliza hata jina la kitabu wakataka kujua vyake vinapatikana wapi, na Kiswahili chake kipo? Hakikuwepo bado, *Peponi*, tafsiri ya *Paradise* yake, ilikuja mwaka uliofuata. Nakiri wazo langu la kwanza halikuwa la kifasihi. Niliiwazia kalamu ya bluu ya yule mzee, na bei atakazokata leo.

Ila mwezi uleule ndio wamachinga wa Dar walitakiwa kuondoka kando ya barabara. Sikuunganisha mambo mawili hayo, sijui kwa nini. Nilipokwenda Novemba, mahali pake palikuwa peupe. Pamefagiliwa, pamebaki alama ya mraba ambapo lami haikuwahi kupata jua. Nilimuuliza mng'arisha viatu aliyehamia uchochoroni, akasema mzee kaenda Kariakoo. Kijana wa vocha akasema hapana, karudi kwao Lushoto, macho yalikuwa yanamsumbua. Kariakoo nimezunguka. Lushoto ni kubwa.

Nimejaribu kuiandika upya ile makala. Mara nne sasa. Ile sentensi ya mlango imerudi yenyewe, na "hakika" nimezitoa zote. Nikifika kwenye aya ya yule mama nakifungua kitabu, nakisoma kipande kile, na kuna siku naona mwalimu alikuwa na haki kabisa, mwanamke yule amesema kila kitu bila kufungua mdomo. Kesho yake nikisoma naona nilikuwa sahihi mimi, alinyamaza kwa sababu alichoka kumpenda mtoto. Basi nalifunga faili.

Kitindamimba wangu amerudi wakati naandika haya, na kifutio mkononi. Anasema elfu kumi na mbili ni wizi, anataka kuifuta ibaki elfu tano. Nimemwambia wino haufutiki kwa kifutio. Akasema basi atafuta ile elfu tano. Nimemnyang'anya.