Kilo Sita za Msiba

Mwaka 2017 nilikuwa karani wa mizani soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Magunia ya dagaa yanashushwa kutoka visiwani, wapagazi wanayatupa juu ya bamba, mimi nasoma, naandika. Asubuhi kabla ya gunia la kwanza nilikuwa navua viatu napanda mwenyewe, kisha naandika uzito wangu ukurasa wa mwisho wa daftari. Nilianza na kilo 103. Miezi minane baadaye nilikuwa 91.

Watu waliniuliza dawa gani. Hakuna dawa. Niliacha bodaboda nikawa natembea kutoka Pasiansi, na chipsi mayai za usiku nikaziacha. Maandazi ndiyo yalinishinda. Sikuwa na ubavu wa kupita mbele ya karai lile, mafuta yanachemka, halafu nikatae. Nilichofanya ni kubadili njia, nikawa naingilia upande wa maboti, japo kuna tope na magamba ya samaki.

Kisha baba mdogo akafariki, nikapanda meli kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe.

Msibani sahani inasukumwa mbele yako, na kuikataa ni kama kuukataa msiba wenyewe. Siku ya kwanza nilijitahidi. Siku ya tatu nilikuwa naongezwa ugali wa muhogo bila kuulizwa, na sato, na wali wa jioni, na chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Niliporudi Mwanza nilipanda mizani: 92 na nusu. Kilo moja na nusu tu. Mtu mwenye akili angeandika akaendelea.

Mimi nilifunga daftari. Nilijiambia maji yakimwagika hayazoleki, methali ambayo tangu siku hiyo naiogopa. Kesho yake nilipitia njia ya zamani, ya maandazi. Nikala mawili, maana siku ilikuwa imeshaharibika, na siku iliyoharibika huwa haina mwisho: jioni nikapanda boda, usiku nikaagiza chipsi. Kila asubuhi nilikuta sababu ya kutopanda mizani. Mvua. Wateja wa Kongo wamewahi. Mizani labda imelegea, nilisema hata hilo, na stika ya Wakala wa Vipimo ikinitazama pale ubavuni.

Wiki sita zikapita hivyo.

Palikuwa na mama mmoja mwenye dagaa, mtu mzima, anayekausha mwenyewe na kuuza jumla. Alikuwa akiniona nikipanda asubuhi, hakuwahi kusema neno. Jumatatu moja nikampimia magunia manne. Alipomaliza kuhesabu akabaki amesimama.

"Karani, na wewe?"

"Mizani ya dagaa hii, mama."

"Zamani haikuwa ya dagaa?"

Wapagazi wakacheka. Nikasema nitapima kesho. Akaketi juu ya gunia lake, akatandaza kanga magotini. "Mimi sina haraka, mwanangu."

Nikavua viatu. Bamba lilikuwa la baridi, na vumbi la dagaa likaninata nyayoni. Nilisogeza kile kipande cha chuma kwenye mkono wa mizani, nikasogeza tena, mkono ukakataa kutulia mpaka 97.

Nilifanya hesabu pale pale, maana hesabu ndiyo kazi yangu. Msiba ulinipa kilo moja na nusu. Nne na nusu nilijipa mwenyewe, hapa hapa mjini, katika siku ambazo sikutaka kujua.

Miaka baadaye nilisoma juu ya jaribio moja la Marekani, matokeo yake yalitoka 2006. Watu waliokwisha kupungua walifundishwa kujipima kila siku na kugawa ongezeko kwa rangi: kijani, njano, na nyekundu ukifika kilo 2.3, ambapo unarudia yote uliyofanya ulipokuwa unapunguza. Baada ya miezi 18, katika kundi lililotumiwa jarida tu, asilimia 72 walikuwa wamerudisha kilo hizo au zaidi. Waliofundishwa wakikutana ana kwa ana walikuwa asilimia 46. Nikamkumbuka yule mama. Kumbe Nansio nilirudi nikiwa bado njano.

Siku ile hakunipa nasaha. Alitoa daftari lake la madeni, lililokunjwa kwenye mfuko wa nailoni, akaandika 97 chini ya mteja wa Shinyanga aliyekuwa anadaiwa magunia mawili.

"Kila Jumatatu," akasema.

Jumanne niliingilia upande wa maboti. Jumatatu iliyofuata alikuwa ameketi pale pale, kalamu mkononi. Nikapanda, nikasoma: 96 na nusu.

Akasonya. "Nusu? Wa Shinyanga kalipa gunia zima."

Lakini akaandika.