Kamera yako na jua la Bagamoyo

Wanaoanza kupiga picha huniuliza wanunue kamera gani. Nawaambia: njoo kwanza soko la samaki Bagamoyo asubuhi mapema, hata na simu. Huku jua linachomoza baharini, kwa hiyo ukielekeza kamera kwenye majahazi, mvuvi anatoka mweusi tii. Mwombe ruhusa kwanza, hilo silifanyii mzaha, kisha gusa uso wake kwenye skrini ili simu ipime mwanga hapo. Magamba yanayoruka chini ya kisu yanataka kasi ya shata, yaani muda kamera inaoruhusu mwanga kuingia, ya sekunde 1/1000. Kwa 1/60 utapata michirizi mitupu. ISO, yaani kiwango cha kamera kuhisi mwanga, iache 100 mwanga ukitosha, maana ikipanda sana picha inajaa chengachenga. Saa sita mchana jua la utosi huwatia watu vivuli vyeusi machoni, wahamishie barazani.