Mlango wa kabati la Kiholanzi hupasukia wapi, na kwa nini

Kussenkast ni lile kabati zito la Kiholanzi la karne ya 17, milango miwili, miguu minene ya duara kama mipira. Kussen maana yake mto, na ndiyo hiyo "mito" ya mbao iliyotuna katikati ya milango. Wengi hudhani ni mpingo mtupu. Sivyo: mwili ni mwaloni, na weusi unaouona ni vinia, yaani tabaka jembamba la mbao ya thamani, na mikanda, vyote vimebandikwa kwa gundi. Wala si mpingo huu wa Lindi. Ni mti wa jamii nyingine kabisa, ambao Waholanzi waliukata sana Morisi, kisiwa walichokikalia tangu 1638.

Nyufa za milango karibu zote husimama wima, na chanzo chake si uzee. Chukua makabati yaliyopambwa kwa maua ya vinia ya fundi Jan van Mekeren wa Amsterdam, ya miaka ya 1700 hivi. Mbao za wima ziliunganishwa ubavu kwa ubavu, kisha juu na chini zikabanwa na ubao wa kulala ili mlango usipinde. Wazo zuri, ila mbao husinyaa kwa upana; kwa urefu karibu haisogei. Nyumba ikiwashwa joto wakati wa baridi, unyevu wa hewa ukishuka kutoka asilimia 60 hadi 30, mwaloni wa upana wa sentimita 40 hutaka kupungua milimita 3 hivi. Ule ubao wa kulala hauruhusu. Basi kiungo cha gundi huachia, au vinia huchanika juu yake.

Vinia iliyoachia utaijua kwa ukucha: gonga polepole, palipo wazi pana mlio mtupu. Loweka punje za gundi ya ngozi, ile itokanayo na ngozi za wanyama, katika maji baridi usiku kucha, kisha uipashe moto sufuria ndani ya sufuria, nyuzi 60 tu. Ikichemka, nguvu imekwisha. Ingiza kwa bomba la sindano, tandika nailoni, weka kibao kilichopashwa moto, kaza jiriwa, acha saa 24. Gundi nyeupe ya dukani usiiguse: gundi ya ngozi hushikana na ile ya zamani na hulegea tena kwa joto na maji, hiyo nyeupe haikubali.

Kiraka nacho kina hila yake. Vinia ya zamani ilipasuliwa kwa msumeno wa mkono, unene wa milimita 1 hadi 2 au zaidi. Ya leo ni 0.6. Usisawazishe kwa kukwangua ya zamani. Bandika mbili au tatu, moja juu ya nyingine.

Na ule ufa wa wima? Ukiujaza kipande kigumu wakati wa ukavu, unyevu ukirudi mbao itatanuka na kukosa nafasi, vinia itabinuka pembeni mwa ufa. Kabati litulizwe kwanza kwenye unyevu wa asilimia 50 hivi, wiki kadhaa, ndipo upime kilichobaki. Mara nyingi ni unywele tu, na nta ya rangi inatosha.