Jumatatu ya mwisho wa mwezi, Ngamiani

Nilimfuata mwenye kibanda umiza, banda la mtaani la kuonyeshea mpira na muvi, nikamwomba tuonyeshe hapo filamu fupi za vijana wa hapa bila kiingilio. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka. "Bure? Dogo, watu wa bure ndio wanaovunja mabenchi."

Nikamwambia, mzee wangu, Jumatatu si kibanda kinalala? Wikiendi ana Ligi Kuu ya Uingereza, Jumanne na Jumatano Klabu Bingwa Ulaya, na hapo katikati Simba na Yanga. Jumatatu nyingi anafagia tu. Tukakubaliana: Jumatatu ya mwisho wa mwezi, uwani kwake, umeme nalipa mimi, soda na maji anauza yeye. Kiingilio hakuna.

Hapa Tanga wapo vijana wanaopiga filamu za dakika tano, kumi, wengine kwa simu tu, na wanaoziona ni haohao waliocheza ndani yake. Nani atoe buku aangalie dakika nane za kijana wa Makorora asiyemjua? Hata mimi nisingetoa. Mama husimulia foleni za majumba ya sinema ya Majestic na Novelty enzi za filamu za Kihindi. Sisi tumekulia vibandani, Lufufu akitutafsiria Wachina kwa maneno ambayo Wachina wenyewe hawakuyasema. Mtaa wetu kwenye kitambaa kikubwa hatukuwahi kuuona.

Wengi hudhani onyesho la bure halihitaji kibali. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ipo tangu 1976, na filamu ya kuonyeshwa hadharani lazima ipite kwenye mikono ya wahusika. Nilianzia kwa afisa utamaduni na orodha ya filamu, muda wa kila moja na jina la mwenye nayo. Nenda mapema, usiende Ijumaa mchana.

Kazi kubwa ilikuwa kuzipata hizo filamu. Vijana wana hofu, na wana haki: ukimpa mtu flashi leo, kesho kazi yako inauzwa kwenye maduka ya kuingiziana muvi pamoja na tamthilia za Kikorea. Mmoja aliniambia waziwazi, "Kaka, sikuamini." Basi nikaweka utaratibu. Mwenye filamu anakuja na flashi yake, anaichomeka mwenyewe kwenye kompyuta yangu, filamu inachezwa kutoka humohumo, anaichomoa na kuondoka nayo. Mimi sibaki na nakala. Mwezi wa kwanza nilipata filamu tatu. Wa nne nilikuwa nakataa.

Kitambaa ni marekani, vipande viwili vimeungwa na fundi cherehani, mshono ukakaa katikati ya nyuso za watu mpaka leo. Upepo wa baharini ukakifanya tanga la jahazi. Dawa yake ni bomba la plastiki lililojazwa mchanga, linapitishwa kwenye upindo wa chini. Tunaanza saa mbili na robo, watu wakishatoka Isha. Mwezi wa Ramadhani tunapumzika, maana kuna tarawehe.

Usiku wa kwanza nusura uniaibishe. Picha safi, projekta ya kuazima inafanya kazi, lakini maneno hayasikiki. Mtu anazungumza, unasikia "bumbumbum". Watu wakaanza kupiga kelele, "Sauti! Sauti!" Spika za kibanda zimefungwa kwa ajili ya mpira na risasi, besi juu kabisa, na vijana wetu wanarekodi kwa maiki ya simu iliyo hatua tano kutoka kwa mwigizaji. Nilizungusha besi mpaka chini, nikazishusha spika kutoka juu ya ukuta nikaziweka pembeni ya kitambaa, usawa wa masikio. Siku hizi kila mwenye filamu namwita saa kumi na moja jioni, tunasikiliza kwanza. Picha gizagiza watu wanavumilia, lakini wasiposikia wanaondoka.

Mwezi wa tatu ilichezwa filamu ya dakika sita, kijana anamdai rafiki yake pesa barabarani. Nyuma yao, kwa mbali, akaonekana bibi anayeuza kachori pale kona, anageuza kachori bila habari na kamera. Uwanja mzima ukalipuka. Wale wawili wakaendelea kugombana, hakuna aliyewasikia tena. Bibi mwenyewe alikuwa amekaa mlangoni na beseni lake. "Mwanangu, rudisha," akaniambia. Nikarudisha. Akaangalia kimya, akasema, "Mafuta yale yalikuwa bado hayajachemka," akaendelea kuuza. Aliyetengeneza filamu alinuna kidogo, ila mwezi uliofuata alikuja na nyingine, na bibi yumo, safari hii ana maneno ya kusema.

Mabenchi mawili yameshavunjika, mzee alisema kweli. Kayapigilia misumari mwenyewe, na mpaka sasa hajanidai.