Indiketa ya kulia, Mtambile

Msimu ule wa karafuu, kwetu Pemba, nilikuwa utingo wa ami yangu, kwenye Bedford la tani nne lililowahi kuwa la jeshi la Uingereza. Rangi yake ya kijani tulikuwa hatujaigusa. Nyuma, chini ya bodi, lilikuwa na taa ndogo inayomulika difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma, iliyopakwa rangi nyeupe. Katika msafara wa kijeshi wa usiku, dereva wa nyuma huufuata ule weupe tu, na aliye juu angani haoni kitu. Ami akiipenda sana taa ile, na ilikuwa ikiwaka. Zilizotushinda ni indiketa.

Ya kushoto haikuwa na neno. Ya kulia ilikuwa na mwanga wa kibatari kinachoishiwa mafuta, mara ipepese mbio mbio, mara igande. Basi kulia ikawa kazi yangu: nikisimama juu ya magunia na kunyoosha mkono kila tunapokata.

Jioni moja tulitoka Mkoani giza limeshaingia. Tulipofika Mtambile tukawa tunakata kulia kwenda Kengeja. Kwetu tunaendesha kushoto, kwa hiyo kukata kulia ni kuivuka njia ya wenzako. Nilinyoosha mkono, lakini nani angeuona gizani? Nyuma yetu ilikuja Vespa, imeshaanza kutupita. Ami alikanyaga breki mpaka magunia yakanisukuma nikabanwa kwenye ubao wa mbele. Vespa ikatoka njiani, ikaingia majanini. Alikuwamo baba, mkewe na mtoto mchanga. Alhamdulillahi, hakuumia mtu. Yule baba hakututukana. Alimsogelea ami, akauliza kwa sauti ya chini: "Mbona hamkunambia?"

Ami hakuwa na jibu. Tulipofika nyumbani akaning'iniza ufunguo msumarini. "Gari hii haitoki tena mpaka iseme inakwenda wapi."

Ilikuwa katikati ya msimu, karafuu za watu zimeshakauka majamvini, na kila asubuhi alikuja mtu kuuliza mzigo wake utakwenda lini. Ami akawajibu wote jibu moja.

Fundi wa mwanzo alikuja na balbu za gari ndogo. Gari za jeshi za aina ile ni volti 24: betri mbili za volti 12 zimeungwa mfululizo. Balbu zile zilimeta mara moja zikafa. Akaleta flasha, kile kifaa kinachoifanya indiketa ipepese, ya volti 12 iliyotolewa kwenye gari ya abiria, nayo ikaungua, harufu ikajaa kebini. Tulipopata balbu na flasha za volti 24, ugonjwa ukabaki pale pale. Hadi leo nakereka nikiona mtu anabadilisha kifaa kimoja baada ya kingine bila ya kupima. Fedha ile ilikuwa ya watoto wa ami.

Wa pili alikuwa mzee wa Wete, fundi umeme wa magari tangu ujana wake. Hakufungua kitu. Aliuliza tu: "Mkiwasha indiketa mkakanyaga na breki, taa za nyuma zinafanya nini?" Tukatazamana. Hakuna kati yetu aliyewahi kwenda nyuma kuangalia.

Akasema tusubiri usiku. Kebo ya umeme kutoka Tanga ilikuwa haijafika Pemba, ilikuja 2010, na siku ile mtaa wote ulikuwa kiza. Nikakaa nyuma ya gari, ami akawasha. Nikaona kitu ambacho mchana kilikuwa hakionekani: kila indiketa ya kulia inapopepesa, taa ya breki nayo inapepesa, nyekundu hafifu. Ami akikanyaga breki, indiketa inazimika kabisa.

"Umeme umepotea njia ya kurudi," mzee akasema. Akanieleza, nami nikiwa nimemshikia tochi, kwamba kila taa ina njia mbili, ya kwendea na ya kurudia. Ya kwendea ni waya. Ya kurudia ni bati lenyewe la gari, hadi kwenye hasi ya betri, ndiyo ethi. Ethi ikiziba, umeme haukai ukasubiri, hupenya kwenye balbu ya jirani utafute kwengine, na balbu zote mbili zinakosa nguvu. Flasha nayo hupepesa kwa kutegemea umeme unaopita ndani yake. Balbu ya wati 21 kwenye volti 24 inataka karibu ampia moja. Ikipata pungufu, flasha haishiki mwendo wake.

Akaweka ncha moja ya mita kwenye bati la taa, nyingine kwenye hasi ya betri, indiketa ikiwa imewashwa. Ilitakiwa isome karibu na sifuri. Ilipanda hadi 9. Volti tisa zilikuwa zinapotelea kwenye kutu.

Tulifungua taa, tukasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, tukafunga waya mpya wa ethi hadi kwenye chasisi. Indiketa ikawaka mwanga ambao sikuwahi kuuona kwenye gari ile. Nikapiga kelele. Mzee akanyamaza, bado anatazama, kwani taa ndogo ya nyuma ilikuwa ikitetemeka pamoja nayo.

Akainama kwenye soketi ya tela, ile pana ya kijeshi yenye pini 12, ambayo sisi hatukuwahi kuitumia. Alipofunua kifuniko, ndani kulikuwa kijani kitupu, kutu na chumvi zimeunganisha pini kwa pini. Nilijua ilipotoka. Maji yakitoka tulikuwa tukirudi nyuma mpaka kwenye tope la pwani kupakua majahazi, soketi ikiogea maji ya bahari. Tuliisafisha kwa mswaki pini moja moja, tukaipaka grisi. Ilichukua muda mrefu kuliko kazi nyengine zote.

Siku ya pili tulipakia. Mtambile, ami akawasha kulia. Nyuma yetu kulikuwa na baiskeli mbili na gari ya abiria, zote zikapunguza mwendo, zikatungoja. Mie juu ya magunia nilikuwa nimeshanyoosha mkono kwa mazoea. Nikaushusha.