Futi ya Dada na Konyeza wa 1865

Mwishoni mwa 2009, nikiwa na miaka 13, tulisikia redioni kwamba huko Japani chombo cha uvuvi cha tani 10 kimepinduka kikivuta wavu uliosheheni konyeza wa Nomura, aina ya konyeza wakubwa mno. Wavuvi watatu walitupwa baharini, wakaokolewa na chombo kingine. Dada alikataa katakata. "Konyeza? Yule wa majimaji? Apindue chombo?"

Nikaenda kufunua ensaiklopidia. Mmoja tu wa Nomura hufikia kilo 200, yaani mifuko minne ya saruji. Na si yeye aliye mrefu kuliko wote. Mwaka 1865, kwenye ghuba ya Massachusetts nchini Marekani, mwanasayansi Alexander Agassiz alimpima konyeza wa aina iitwayo manyoya ya simba: mwavuli, yaani ule mwili wa duara, upana mita 2.1, na minyiri inayoning'inia chini yake, urefu mita 36.6.

"Twende tukapime," akasema dada. Akabeba futi yake ya kushonea, ile ya sentimita 150, tukashuka ufukweni. Maji yalikuwa yamekupwa.

Tulianza na mwavuli. Nilichora mviringo mchangani, dada akajilaza ndani, mikono kaipandisha juu ya kichwa. Bado nafasi ilibaki. Alinyamaza kidogo pale chini.

Kisha minyiri. Yeye alishika mwanzo wa futi, mimi mwisho, na kila ilipoishia nikachomeka kijiti. Tulipoteza hesabu mara moja, tukarudia yote. Kwenye futi ya 20 nikaweka kombe, maana hapo ndipo mita 30, karibu urefu wa nyangumi buluu. Tukaliacha nyuma. Futi ya 21, ya 22, ya 23, ya 24, na sentimita 60 juu yake. Mpaka leo nikisoma tarakimu hiyo, mgongo wangu unakumbuka kule kuinama.

Tukirudi tulikuta konyeza mfu, upana wa kiganja. Dada alimwinua kwa kipande cha ubao, asije akamwasha, maana hata akifa huwasha. Akateleza, akachanika, akabaki unyevu juu ya mchanga. Mwili wake karibu wote ni maji.

"Basi walikuwa wanavuta bahari yenyewe," dada akasema taratibu.

Akaikung'uta futi, akasimama katikati ya mviringo. "Nenda kule mwisho, uniite."

Nikakimbia hadi kijiti cha mwisho, nikaita. Ilibidi nirudie kwa sauti kubwa ndipo akageuka.