Gatini bila leseni

Leo jioni nimeteremka na mjomba Shelter Island, hapa San Diego, kuvua vibua.

Mara askari wa samaki huyo! Mjomba akaanza kuvuta mshipi kimyakimya.

Askari akatusalimia, akachungulia ndoo, akapita zake. Ukivua baharini kwenye gati ya umma California, leseni hudaiwi.

Aliyebanwa ni jamaa wa kwenye mawe, nje ya gati, hatua chache tu kutoka kwetu. Maji yaleyale, vibua walewale!
Akapekua mifuko yote, mpaka boksi la chambo. Kumbe leseni iko kwenye simu, kioo kimejaa magamba 😂

Sasa mjomba analitaka ziwa la Lake Murray. Kule ukishatimiza miaka 16, leseni ya jimbo lazima, na kibali cha ziwa juu yake.

Nani twende naye?